Kichupa cha Rafu ya Juu

Wanangu wa laboratwari, siku ile ya kuniaga mlicheka sana. Mmoja wenu, simtaji maana anajijua, alisimama mbele ya watu akaniigiza. Aliinama kidogo, akashusha macho kama bibi harusi, akakichukua kile kichupa cha rafu ya juu kwa mikono miwili kana kwamba anapokea sahani kwa mama mkwe. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nanyi mkadhani ni ya kicheko.

Basi nimeona niandike. Magoti yangu hayapendi tena zile ngazi za kazini, ila mkono bado unaandika, na kuna mambo ya kazi yetu ambayo hayamo kwenye karatasi mlizobandika ukutani. Nitayasema yanavyonijia. Mkiona naruka huku na huku, vumilieni, ndivyo kichwa cha mtu mzima kilivyo.

Nianze na kuosha vyombo, maana najua hampendi. Mimi sikuanza na mimea, nilianza na shaba. Nilipomaliza shule kule Mulungwishi nilipata kazi Shituru, katika laboratwari ya kiwanda, kupima maji ya asidi yenye shaba ndani yake. Mkubwa wangu alikuwa Papa Donatien, mtu mfupi, mpole, asiyekasirika ila kwa kitu kimoja tu: chombo kichafu. Ukimletea glasi uliyoiosha, anaiinua dirishani, anaitazama, anakurudishia bila neno. Unaenda kuosha tena. Siku moja nilichoka nikamwuliza.

"Papa, mais hii iko safi. Juu ya nini nirudilie?"

"Weye unaona iko safi," alinijibu. "Lakini ile glasi iko nakumbuka. Osha mpaka isahau."

Nilidhani ni maneno ya wazee wa kiwanda ya kupitisha saa. Nilikuja kumwelewa miaka mingi baadaye, yeye akiwa ameshazikwa, na aliyenifundisha maana yake ni sombe, ile mboga ya majani ya muhogo.

Kazi ya kiwanda ilipokwisha nilikaa nyumbani nikikaanga beignets, maandazi yetu, barazani na kugombana na kuku wa jirani. Ndipo Docteur Solange alipofika Likasi kutoka Lubumbashi. Mnamjua alivyo sasa, na miwani yake na vitisho vyake. Wakati ule alikuwa binti mwembamba mwenye masanduku mengi, amekuja kufungua laboratwari ndogo ya kupima kama dawa za miti zinazouzwa mjini ndizo zenyewe. Mji wetu mnaujua. Unga wa mizizi unauzwa sokoni, kwenye lango la kanisa, kwenye kituo cha pikipiki, na kila muuzaji anaapa kwa jina la nyanya yake. Docteur alitaka mtu wa kumsaidia. Hakuniuliza shule niliyosoma. Alinipa kibomba cha kioo na kunionyesha bomba la maji. Nilimshukuru Papa Donatien kimoyomoyo, na Jumatatu nikaanza kazi.

Tulikusanya unga kwa wauzaji wengi, tukaandaa, tukapeleka vinasaba vyake kusomwa kwa mashine. Majibu yaliporudi Docteur alikaa kitako. Karibu kila unga ulikuwa na muhogo. Dawa ya mgongo, muhogo. Dawa ya presha, muhogo. Dawa ya wanaume, ambayo wanunuzi wake hununua huku wakitazama pembeni, nayo muhogo. Tuliamini tumegundua utapeli wa mji mzima. Docteur alishaanza kuandika maneno makali.

Kabla hajayatuma tulikwenda kumtembelea mama mmoja muuzaji, kumwuliza kwa heshima. Tulimkuta anatwanga mizizi. Kando ya kinu, ndani ya beseni, kulikuwa na sombe aliyokwisha kuitwanga, ya kupika jioni. Docteur alitazama beseni, akatazama kinu, akanitazama mimi.

"Mama, uko natwanga yote mu hii kinu moja?"

"Mais Docteur," yule mama akashangaa, "uko nataka muzizi ikuwe na kinu yake, na sombe kinu yake? Minye ni mutajiri?"

Tulirudi tukicheka njia nzima. Jani bichi la muhogo lina vinasaba vingi na vizima, gamba kavu la mzizi lina vichache na vimechoka, basi mashine ilikuwa inasoma sombe ya jana. Kinu kilikuwa kinakumbuka. Tangu siku ile ikawa sheria: usipokee unga kama unaweza kupata kipande kizima. Kipande ukikipata, kikwangue juu kwa wembe mpya, kisha utwange mwenyewe kwa kinu chetu.

Wale waliofika juzi, ambao bado wanaogopa mashine, nawaambia kwa kifupi. Kila mti una vinasaba, yaani ADN kama tunavyosema huku kwetu, ni kama maandishi yake ya ndani. Tunachukua sehemu fupi ya maandishi hayo, mashine inairudufu mpaka iwe nyingi ya kutosha kusomeka, halafu tunalinganisha na mti unaojulikana. Hayo tu. Mashine haijui jina la mti wowote. Inajua kusema hiki kinafanana na kile, au hakifanani. Ukiwa huna kile, umekaa bure na mashine yako ya bei kali.

Magamba mengine yakiloweshwa hutoa ute kama wa bamia, na ute ule unaziba kila kitu. Msihangaike nayo, ongezeni maji ya kuosha, rudieni taratibu. Dawa iliyokwisha kupikwa msiipokee kwa matumaini makubwa, moto mrefu unavikatakata vinasaba. Na kourant, yaani umeme, ikikatika, mtu wa kwanza kukimbia akimbilie barafu, si simu yake.

Punje za kukausha majani, zile zinazokaa ndani ya maboksi ya viatu vipya, sisi tulikuwa hatuna za kuagiza kutoka mbali. Nilikuwa nazunguka sokoni kwa wauza viatu kuomba vipaketi vyao. Mmoja alinifukuza mbele za watu: "Mama, viatu hautake, unataka tu hii kintu ya mu boksi? Weye ni mulozi?" Kwa muda mrefu nikipita pale watoto walikuwa wananiita mchawi wa viatu. Nilizoea.

Sasa nakuja kwenye kile kichupa, nimekizunguka vya kutosha.

Nina dada mkubwa, Yaya Mado. Mama yetu alikuwa na mzizi wake wa tumbo, na watu walitoka mbali kuufuata. Aliuchimba kwenye kilima kimoja huko nyuma ya Mulungwishi, peke yake. Na alikuwa na desturi aliyoipokea kwa mama yake. Akishachimba, humenya mzizi palepale chini ya mti. Majani anayafukia, gamba la nje analifukia, anarudi na vipande vyeupe tu ndani ya kitambaa, vipande visivyo na sura, vinavyofanana na mzizi wowote. Jirani akikutana naye njiani hawezi kujua ametoka kwa mti gani. Hata baba hakuujua. Mti ule alionyeshwa mtoto mmoja tu, na mama alimchagua Mado. Mimi, alisema, nina kalamu, inanitosha. Wivu ulinishika kidogo, kisha ukapita, kwa sababu Yaya Mado si mtu wa kuonewa wivu muda mrefu. Alikuwa na kicheko cha kujaza uwanja. Asubuhi barazani kwake palijaa wagonjwa na hakuna aliyefukuzwa kwa kukosa kitu mkononi.

Alikuwa na binti mmoja, Nene. Kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako, basi Nene alikuwa wangu pia. Mimi ndiye niliyekuwa nasuka nywele zake, na alikuwa analia kabla sijamgusa. Alikua, akafundishwa ushonaji, akawa anawashonea watu wa kwaya sare zao, akinishonea na mimi bila kunipima, kwa macho tu, na nguo inanikaa sawasawa.

Nene alishikwa na homa na tumbo wakati mimi niko Lubumbashi kujifunza mashine mpya. Mama yake alimfanyia kile alichowafanyia wote. Alichota unga wa mzizi, akautia maji ya moto, akampa. Tumbo likatulia kidogo. Likarudi. Akampa tena. Walipomfikisha hospitali daktari alimpasua haraka, akakuta utumbo umetoboka kwa ile homa ya matumbo. Alisema tu, bila ukali, "Mungemuleta mbele ya kutoboka." Nene hakuamka. Mimi nilifika nikakuta wameshatandika mikeka ya kilio uani.

Nawaandikia jambo hili miaka imepita na bado sijui kulisema vizuri. Mtoto yule nilimpenda.

Baada ya kilio maneno yakaanza. Wale waliokuwa wanajaa barazani wakawa wanapita upande wa pili wa barabara. Ilisemwa kwamba dawa ya Mado imeoza, ilisemwa mabaya zaidi ya hayo. Siku moja asubuhi Yaya alisimama mlangoni pa laboratwari na kopo lake la unga kifuani.

"Godé, pima hii," alisema. "Bantu banasema sana mu avenue. Pima, bajue kama dawa ya mama ni ya kweli."

Docteur Solange alimkaribisha, akampa kiti, akamweleza kwamba tunahitaji kitu cha kulinganisha, jani la mti wenyewe. Niliona vidole vya Yaya vinakamata kopo. Kumwonyesha mtu mti, hata mimi, ilikuwa ni kuvunja neno alilompa mama.

"Mama atanisamehe," akasema mwisho.

Tulikwenda sisi wawili, kwa pikipiki kwanza, halafu kwa miguu, yeye akinishika bega kwa sababu ya magoti yake. Alikuwa hajapanda kule kwa miaka kadhaa. Tulipofika juu nilidhani amepotea njia. Upande mzima wa kilima ulikuwa umefunguliwa, mashimo mekundu ya wachimbaji yamefuatana, na pale palipokuwa na miti yalibaki majivu ya tanuru za makaa. Yaya alizunguka akitafuta jiwe fulani. Alilipata. Kando ya jiwe kulikuwa na shimo.

"Njo hapa muti ulikuwa," alisema. "Mama alinisimamisha hapa."

Tulitafuta mche, chipukizi, chochote. Hapakuwa na kitu. Akakaa chini kwenye udongo na nguo yake nzuri.

"Sasa Yaya," nilimwuliza, "hii miaka yote mizizi ilikuwa natoka wapi?"

"Ilunga analetaka."

Ilunga nilimjua, kijana wa avenue yao, aliyewahi kuchimba madini, kisha akaogopa mashimo baada ya kufukiwa rafiki yake, akawa anawachimbia wauza dawa mizizi porini. Nilimwuliza Yaya kama alimwonyesha Ilunga jani. Alinitazama kama mtu niliyemtukana.

"Jani? Nimuonyeshe jani? Nilimupa kipande, ile ya kumenya. Nilimuambia atafute inafanana na ile."

Hapo nilielewa. Kipande kilichomenywa hakina sura, na ndiyo maana mama alikimenya. Kijana wa watu alikwenda porini akitafuta mzizi mweupe wenye ladha chungu, na pori lina mizizi mingi myeupe yenye ladha chungu. Desturi iliyowekwa ili majirani wasijue ilimzuia hata yule aliyetumwa.

Kilichotuokoa, kama ni kuokoka, ni kifuko cha mama. Jikoni kwa Yaya, juu ya meko, kilining'inia kifuko cha kitambaa chenye vipande ambavyo mama alivichimba kwa mkono wake. Yaya alikiweka kwa ukumbusho. Moshi ulikuwa umeviharibu sana. Docteur na mimi tulihangaika navyo, tukashindwa, tukarudia, mpaka kipande cha ndani kabisa kikakubali kusomeka. Sasa tulikuwa na cha kulinganisha. Tukaweka unga wa kopo kando yake. Haukuwa mti uleule. Haukuwa hata ndugu yake.

Nilimpelekea Yaya habari hiyo nikiogopa ataanguka. Hakuanguka. Alisimama, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu kilio.

"Kumbe ni Ilunga," alisema. "Kumbe Ilunga njo aliniulia mutoto."

Alilisema uani, na uwanja wa Likasi hauna ukuta. Kufika saa ya kula avenue nzima ilikuwa imelisikia. Vijana waliokuwa wamevaa sare alizoshona Nene walianza kukusanyika kwenye kona, wakizungumza kwa sauti ya chini. Ilunga alikimbilia kwa mjomba wake upande wa Buluo. Mke wake alibaki na watoto, mlango umefungwa, akitoka kuteka maji asubuhi mapema tu. Mtu alitupa jiwe juu ya bati lao. Mnajua mawe hayo yanaelekea wapi.

Nilirudi kwa Yaya. "Ile Nene alikunywa," nilimwuliza, "ilitoka mu hii kopo? Ya Ilunga?"

Alifikiri. Ndani ya kopo lile alikuwa anamimina kila kitu, unga uliobaki wa mizizi aliyoichimba mwenyewe siku za mwisho za kupanda kilima, na juu yake ile ya Ilunga. Hakujua mkono wake ulichota ipi siku ile kopo lilipofika chini, kabla Ilunga hajaleta nyingine.

"Tangu lini ilianza kuwa ya bongo, haiko tena ya kweli?" aliniuliza. "Mashine haiwezi sema tangu lini?"

Mashine haiwezi. Inasema ni nini. Tangu lini haijui.

Akaingia ndani, akakaa sana, akatoka na kikwembe, kitenge cha Nene ambacho alikataa kifuliwe. Kwenye ncha yake kulikuwa na fundo. Ndani ya fundo kulikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa, na ndani ya karatasi, unga uliobaki wa siku ile, ambao hakuwahi kuutia maji. Ulisagwa kwa jiwe la mama, lisiloguswa na kitu kingine. Alinipa.

"Pima hii. Halafu uandike ile kintu Ilunga alifanya, bantu basome."

Docteur alinizuia. Alisema kipimo cha ndugu wa damu yako hupimi mwenyewe, na hiyo ndiyo sheria mnayoifuata mpaka leo. Alifanya yeye. Mimi niliosha. Niliosha vibomba vile mpaka visahau, nikavianika, nikavitoa, nikaviosha tena, kwa sababu nilikuwa sina kingine cha kufanya na mikono yangu. Sehemu zilipokwenda kusomwa tulingoja, na kila siku ya kungoja nilipita mbele ya mlango wa mke wa Ilunga nikisema hodi, na hakuna aliyejibu.

Jibu lilipokuja Docteur hakuniita ofisini. Alikuja mwenyewe hadi kwenye beseni la kuoshea.

"Mama Godé," alisema, "ni yenyewe. Ni sawa kabisa na ya mama yenu. Nilirudilia."

Nilimkuta Yaya uani anachambua maharagwe. Hakunyanyua kichwa.

"Ni ya Ilunga?"

"Hapana, Yaya. Ni yenyewe. Ni ya mama."

Aliendelea kuchambua. Maharagwe mabovu huku, mazima kule. Baadaye mkono wake ulikuwa unatupa mazima pamoja na mabovu.

"Mupime tena."

"Docteur alipima tena."

"Weye njo unaandikaka mu ile bureau," alisema polepole. "Unaweza andika ingine. Nani atajua?"

"Ilunga atajua, Yaya. Na bibi yake. Na mi nitajua."

Akaweka sinia chini. Nilikuwa nimeshamsikia dada yangu akilia mbele ya wagonjwa wengi na hata mbele ya kaburi, lakini kilio kile sikuwahi kukisikia.

"Nilitaka ikuwe ya bongo, Godé. Usiku yote nilikuwa naomba Mungu ikuwe ya bongo. Ile ya kweli, nitakasirikia nani?"

Nilikaa naye chini, nikamshika. Unga ulikuwa wa kweli kabisa, mzizi wa mama, umechimbwa kwa mkono wa Yaya, umesagwa kwa jiwe safi. Na utumbo uliotoboka haukuwa wa kuponywa na mzizi wa mama. Haukuwa jana, haukuwa zamani za nyanya yetu. Kipimo chetu kinasema huu ni mti fulani. Hakisemi mti huo unaponya nini, wala kwamba mtoto angeweza kungoja. Waambieni watu hivyo, wanangu, kila mara mnapowapa jibu la ndiyo, kwa sababu wengi wakisikia ni yenyewe wanakwenda zao wakifurahi kana kwamba wamepona.

Asubuhi iliyofuata Yaya alivaa vizuri, akafunga kitambaa kichwani, akatembea mwenyewe na magoti yale mabovu katikati ya barabara mpaka kwa mke wa Ilunga. Mimi nilikuwa nyuma yake. Vijana walikuwa pale kwenye kona. Alibisha, akasema kwa sauti kubwa kama ya kwaya ili kila nyumba isikie.

"Mama, fungula. Ilunga hakuua mutoto yangu. Mutoto alikunywa dawa yangu minye, ya kweli. Mwambie bwana yako arudie ku nyumba. Na benye kutupa mawe, bakuye batupe kwangu."

Hakuna aliyetupa. Mmoja mmoja waliondoka pale kwenye kona, na yule mama akafungua mlango. Ilunga alirudi. Mpaka leo akikutana na Yaya anavua kofia, naye anamwitikia, lakini hawakai pamoja.

Yaya hakumpa mtu dawa tena. Bado kuna wanaokuja, wageni hasa, wasiojua. Akimwona mtu ana homa na tumbo hasemi mengi, anachukua fimbo yake, anatembea naye mpaka mlango wa hospitali, anangoja mpaka aone ameingia, ndipo anarudi. Tunaishi pamoja sasa, wazee wawili. Kile kicheko cha kujaza uwanja sijakisikia tena. Nilidhani kitarudi.

Unga wa fundo lile haukwisha kwenye kipimo. Kwa sheria yetu kilichobaki hurudishwa kwa mwenyewe. Nilimrudishia Yaya ndani ya kichupa kisafi. Alikishika, akakitazama kwenye mwanga kama alivyofanya Papa Donatien na glasi zangu, kisha akanipa tena.

"Wekeni kule ku kazi," alisema. "Muti hauko tena. Bale batakuya na ingine, mulinganishe na hii."

Docteur alinung'unika kwamba rejea isiyo na jani wala ua si rejea kamili, na anasema kweli. Lakini vipande vya mama vilikuwa vimekwisha, na mti mwingine wa namna ile kwenye vilima vyetu hatujaupata, ingawa bado tunautafuta. Basi akaandika lebo kwa mkono wake, namba na neno "rejea", akakipandisha rafu ya juu ambako hakitaangushwa. Ndicho hicho mnachokishusha kila mnapoletewa unga wa tumbo. Mkitoa, toeni kidogo sana, cha ncha ya kijiti. Mkimaliza, kifungeni mpaka kikaze.

Mkono mmoja au miwili, siwalazimishi. Mimi nina sababu yangu. Yaya aliniambia siku ile, alipokuwa ananikabidhi, kwamba Nene alikuwa dhaifu hata kukaa hawezi, na yeye alitaka kumnywesha kwa kijiko. Nene alikataa, kwa sababu alilelewa vizuri. Alijikaza, akakaa, akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akasema aksanti mama, akanywa yote.